Maji Yasiyokuwemo Bombani

Msijisumbue kuitafuta nchi hii kwenye ramani. Zamani ilikuwemo. Mlezi Mkuu wa Taifa alipoona imechorwa ndogo kuliko za majirani, aliamuru iondolewe mpaka wachoraji watakapojirekebisha, na wachoraji wa ramani, kama mjuavyo, ni watu wabishi. Lakini nchi ipo. Ina bendera, ina wimbo wa taifa ambao watoto huuanza shuleni na kuumalizia nyumbani, ina wizara nyingi kuliko mito, na ina gesi.

Gesi ilipogunduliwa, Mlezi Mkuu aliahidi kwamba kila jiko la mji mkuu litapikia gesi ya bombani, na ahadi zake hazikuwa na tabia ya kuchelewa. Mabomba yalizikwa upesi mno, hata mafundi waliotoka kaskazini walikuwa hawajakutana na wenzao waliotoka kusini, ikabidi maungio ya katikati yafungwe kwa mpira, gundi na uzalendo. Mtaa uliopewa heshima ya kuzinduliwa kwanza ulikuwa Bondeni, ulio chini kuliko mitaa yote, ambako mvua ikinyesha popote, hata mkoa wa pili, maji huenda kulala huko.

Sasa, waliosomea mabomba wanajua kwamba maji ya ardhini hayana adabu. Gesi ya majumbani husukumwa kwa nguvu ndogo tu. Masika yakikolea, maji huizidi nguvu, hupenya penye maungio mabovu na kujaa mahali bomba linapoinama. Ndiyo maana chini ya bomba la Bondeni kulizikwa chungu kikubwa cha chuma cha kuyakinga maji hayo, na juu yake kikawekwa kifuniko, ili fundi afunue, aingize pampu na kuyatoa. Ni kazi ya asubuhi moja, na fundi hurudi nyumbani kabla ya chakula cha mchana.

Siku ya uzinduzi, hata hivyo, maofisa wa itifaki walitafuta mahali pakavu na pa sawa pa kujengea jiwe la kumbukumbu. Bondeni nzima ilikuwa tope. Palipofaa ni pale kwenye kifuniko tu. Basi pakajengwa jiwe la marumaru, pana kuliko kitanda cha watu wawili, lenye jina la Mlezi Mkuu kwa herufi za dhahabu. Mhandisi Mkuu Gwandumi, aliyekuwa amekichora kifuniko kile kwa mkono wake mwenyewe, alipiga makofi pamoja na watu wengine.

Kisha masika yakaanza.

Kazi ya kulieleza taifa habari za gesi ilikuwa ya Bwana Khatibu Mavura, Naibu Msemaji wa Shirika la Gesi. Msemaji mwenyewe hakuwepo. Aliwahi kuwepo, siku moja akasema, na tangu hapo kiti chake kiliachwa wazi ili kiwe fundisho. Khatibu alikuwa mjane, mtu mwembamba ambaye miguu yake haikujua kutulia. Akikaa, magoti yalicheza. Akisimama, alianza kuzunguka chumba mpaka wenzake wakashikwa na kizunguzungu. Lakini sauti yake, Mungu amjalie, ilikuwa imetulia kama uji uliopoa. Kwa sauti hiyo ndiyo walimwajiri, na kila asubuhi aliitumia redioni kuwaambia wananchi kwamba gesi ni salama na wawashe majiko yao bila hofu.

Siku moja Mhandisi Gwandumi alimvuta pembeni ya korido, akatazama dari kana kwamba anasoma hali ya hewa, akamnong'oneza. Chungu cha Bondeni kinajaa. Maji yameanza kupanda bombani. Moto wa majiko utacheza, utageuka rangi, kisha utazimika wenyewe. Halafu maji yatasogea kidogo na gesi itarudi, lakini moto hautarudi. Gesi itajaa jikoni kimya kimya, na mwenye nyumba atakuja na kiberiti.

"Kisha?" Khatibu aliuliza.

"Kisha hakuna jiko, hakuna mwenye nyumba, na majirani wa pande zote mbili hawapo," Gwandumi alinong'ona. Halafu akamwomba asahau kwamba ameambiwa.

Angekuwa mtu mwingine angesahau, maana kusahau kulikuwa sehemu ya ajira. Lakini Bondeni ndiko alikoolewa mtoto wake wa pekee, Siwema. Mumewe alikuwa askari wa mpakani, na Siwema alikuwa amejifungua juzijuzi tu binti wa kwanza, ambaye hata nywele za utoto alikuwa hajanyolewa. Khatibu alimwona mjukuu wake kwa macho ya moyo, amelala chumba kilichopakana na jiko, na magoti yake yakaanza kugongana.

Kikao kikaitishwa. Mwenyekiti alikuwa Waziri wa Gesi, Mheshimiwa Dakta Mapunju, mtu aliyeheshimiwa sana kwa kuwa alikuwa hajawahi kumaliza sentensi bila kumtaja Mlezi Mkuu. Jambo la kwanza alilolipiga marufuku ni neno maji. Mheshimiwa alieleza, kwa uchungu wa kweli, kwamba mabomba ya Wizara ya Maji yalikuwa makavu tangu mwaka juzi. Wananchi wakisikia kwamba maji yapo kwenye mabomba ya gesi, watauliza kwa nini hayapo kwenye mabomba ya maji, na swali hilo likishaulizwa halitakuwa na mwisho. Iliamuliwa kitu kile kiitwe unyevu wa maendeleo.

Mwakilishi wa Wizara ya Maji alisimama hapohapo akasema kwamba unyevu wowote, wa maendeleo au wa kawaida, ni mali ya wizara yake, na mtu wa gesi atakayethubutu kuutoa bombani atakuwa ameiba. Yeye binafsi alikuwa tayari kuwafungia wakazi wa Bondeni mita kwenye majiko yao. Wajumbe walibishana hadi chai ikaletwa, wakanywa, wakaendelea kubishana.

Khatibu, aliyekuwa akizunguka meza kwa nyuma, aliuliza kwa unyenyekevu kama lile jiwe haliwezi kusogezwa kidogo tu. Afisa wa itifaki alimweleza polepole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba jiwe la Mlezi Mkuu huondolewa na Mlezi Mkuu mwenyewe, na Mlezi Mkuu harudi mahali alikokwisha kwenda. Kauli mbiu ya taifa ni Haturudi Nyuma. Magari ya msafara wake yametengenezwa bila gia ya kurudi, na ndiyo sababu Ikulu ina milango miwili, wa kuingilia na wa kutokea, na njia inayozunguka mji mzima kati yake.

Kikao kilifungwa kwa azimio la pamoja. Taarifa ya redio iliyokuwa ikisomwa mara moja kwa siku sasa isomwe mara mbili, na kwa furaha zaidi.

Khatibu hakungoja kesho. Alitoka kikaoni akashuka Bondeni huku mvua ikimnyeshea, akamkuta Siwema jikoni, mtoto mgongoni, anachemsha maji ya kujikanda. Moto wa jiko ulikuwa unarukaruka na kukohoa. Alimwambia afungashe vitu vyake upesi, ahamie kwake mpaka masika yaishe, na alipoona binti hatingishiki, alimwambia yote aliyoambiwa koridoni.

Siwema alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza habari za Bi. Zamda. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima mkaanga vitumbua, na ukuta wenyewe ulikuwa wa tofali moja. Akipiga chafya huku, kule anaitikiwa.

"Baba, nilipojifungua Bi. Zamda ndiye aliyenishika mkono. Wewe ulikuwa redioni," alisema. "Leo nikamwageje? Nimwambie baba amekuja kunichukua mimi, na yeye aendelee kuwasha?"

Khatibu alijaribu kumweleza kuhusu kazi, mkataba, na kile kiti kilichoachwa wazi. Alieleza huku akienda mlangoni na kurudi, mlangoni na kurudi.

"Mimi nimekuamini tangu nikiwa mdogo," Siwema alimkatiza. "Ukisema washa, nawasha. Ukisema zima, nazima. Wakazi wote wa hapa wanakusikiliza kama mimi. Basi waambie na wao. Siku utakayowaambia wao nitazima pamoja nao, na mpaka siku hiyo nitawasha pamoja nao."

Moto ukazimika wenyewe, kama ulivyotabiriwa. Siwema alifunga koki, akafungua mlango hewa ipite, akangoja, kisha akawasha tena mbele ya baba yake huku anamtazama usoni. Khatibu aliondoka akiwa na hasira, na hasira ile, akiipekua njia nzima, hakuiona kumhusu mtu mwingine ila yeye mwenyewe.

Siku zilizofuata hakukaa chini. Alikula akiwa wima. Alizunguka wizara hadi wizara, na kila alipofika alikaribishwa kiti, na kiti ndicho kitu alichokuwa hakiwezi. Alijaribu kuisoma taarifa kwa sauti ya huzuni ili wenye akili wang'amue. Mheshimiwa Mapunju akampigia simu kumpongeza kwa hisia za kizalendo. Asubuhi moja alimtafuta Gwandumi, akaambiwa Mhandisi Mkuu ameomba likizo ya masomo ng'ambo, somo lolote, nchi yoyote. Mezani kwake alikuwa ameacha karatasi moja tu, isiyo na sahihi, iliyosema kwamba chungu kimejaa.

Asubuhi hiyohiyo Khatibu aliingia studio. Studio ilikuwa juu ya kilima, na dirisha lake lilitazama mapaa yote ya Bondeni. Aliiweka pembeni taarifa aliyopewa, akavuta kipaza sauti, akasema:

"Ndugu wakazi wa Bondeni, kuna maji kwenye bomba la gesi. Si unyevu, ni maji. Zimeni majiko, fungeni koki, fungueni madirisha, kisha tokeni nje. Mtu asiwashe hata kiberiti mpaka bomba litakapokaushwa."

Alipomaliza aligundua kwamba magoti yake yametulia. Aliyatazama kwa mshangao. Alijua atakamatwa, na akaona si neno, na kwa mara ya kwanza tangu masika yaanze alivuta pumzi ikashuka hadi tumboni.

Fundi mitambo, kijana mmoja mpole aitwaye Lubuva, aliingia akiwa na tabasamu la sikio hadi sikio.

"Hongera sana, mzee," alisema. "Kumbe gesi imetengemaa. Mke wangu yuko kulekule Bondeni. Atafurahi, mkaa umemchosha."

Khatibu hakuelewa. Lubuva naye hakuelewa kwa nini mzee haelewi, ikabidi amfafanulie jambo ambalo katika nchi ile lilijulikana na kila mtu asiyepanda gari la serikali. Redio ikisema sukari ipo tele, watu hukimbilia dukani kabla haijaisha. Ikisema hakuna ugonjwa, huchemsha maji ya kunywa. Ikisema msiondoke majumbani, hakuna hatari, hubeba watoto na magodoro. Si ubishi wala uasi. Ni namna ya kusikiliza tu, kama vile nguo hugeuzwa ndani nje kabla ya kufuliwa. Miezi yote ambayo Khatibu alikuwa akisema washeni, Bondeni hakuna aliyewasha. Walipikia mkaa uani. Na leo amesema zimeni.

Khatibu alikimbilia dirishani. Kule chini watu walikuwa wakimwagia maji majiko ya mkaa na kuyatupa kando. Akina mama walikuwa wakiingiza masufuria ndani na kufunga madirisha wasilowe. Vigelegele vilisikika mpaka juu kilimani.

Kupiga simu hakukuwezekana. Mtandao huzimwa wakati wa taarifa muhimu ili wananchi wasikilize bila kupotoshwa. Kulikuwa na kipaza sauti tu, na Khatibu alirudi mbele yake, na hapo akaliona jambo jingine, baya kuliko lile la kwanza. Akisema tena washeni, Bondeni nzima itazima na kukimbilia nje. Bondeni nzima ila nyumba moja. Katika mtaa ule wote kulikuwa na mtu mmoja tu aliyemwamini neno kwa neno, naye alikuwa binti yake. Akinyamaza, atapona Siwema na watalipuka wengine. Na ule ukuta ni wa tofali moja, kwa hiyo hata Siwema hataponea popote. Akidanganya, watapona wote, na Siwema atachukua kiberiti.

Alisogeza mdomo. Sauti ilitoka laini, iliyopoa, sauti ya kila siku.

"Ndugu wananchi, tunasahihisha. Gesi ya Bondeni ni salama kabisa. Bakini ndani, fungeni madirisha, washeni majiko yenu bila hofu yoyote. Hakuna sababu ya mtu yeyote kutoka nje."

Kisha akatoka mbio.

Alishuka kilima kile kama mwizi anayefukuzwa. Kiatu kimoja kilibaki topeni, hakukigeukia. Njiani alipishana na Bondeni nzima ikipanda: wazee, watoto, kuku wamefungwa miguu, mtu na godoro lake kichwani. Walimtazama kwa mashaka, maana ofisa anayekimbilia mahali alikosema ni salama hawakuwahi kumwona. Alimpita Bi. Zamda na karai lake la vitumbua bila hata kumwamkia.

Mlango wa Siwema ulikuwa umefungwa, na dirisha la jikoni limezibwa vizuri, kama redio ilivyoagiza. Alipousukuma mlango, harufu ya gesi ilimpiga puani. Koki ilikuwa wazi. Siwema alikuwa amesimama mbele ya jiko, mtoto mgongoni, kiberiti mkononi. Njiti ya kwanza ilikuwa imelowa unyevu wa masika na kuvunjika. Alikuwa ameshika ya pili.

Khatibu alimrukia akampokonya kiberiti, wakagonga ukuta wote watatu, mtoto akaamka akilia. Alifunga koki, akawasukumia nje.

"Baba, si umesema tuwashe?" Siwema aliuliza. "Nimeisikia mwenyewe. Ilikuwa sauti yako."

Khatibu alimshika mkono, wakapanda kilima.

Watu walikuwa wamekusanyika kwenye uwanja wa mpira, mvua imepungua. Bi. Zamda aliwapokea, akamfuta Siwema uso kwa ncha ya kanga, akamchukua mtoto. Ndipo harufu ya gesi kwenye nguo zao ilipomfikia.

"Mwanangu," aliuliza polepole, "wewe ulikuwa ukiwasha kweli?"

"Si baba alisema tuwashe?"

Bi. Zamda alitazama chini. Akasema kwamba wao walikuwa wakificha majiko ya mkaa kila Siwema alipopita uani, na mbele yake waliisifu gesi, kwa kuwa yeye ni mtoto wa serikali na maneno hufika mbali. Walidhani anajua. Walidhani kila mtu anajua, na hasa yeye, aliyezaliwa nyumba ambamo zile taarifa zilikuwa zikitungwa. Watu waliokuwa karibu walimgeukia Khatibu. Hakuna aliyemtukana. Walimtazama tu, na Siwema naye akamtazama pamoja nao.

Serikali ilishughulikia suala hilo kwa haki. Tume ilisikiliza taarifa zote mbili za Naibu Msemaji. Kwa ile ya kwanza, ya uchochezi, alishushwa cheo; kwa ile ya pili, ya kizalendo, alipandishwa; akabaki palepale alipokuwa. Masika yalipokwisha maji yalirudi ardhini kwa hiari yao, na Mheshimiwa Mapunju akalitangazia taifa ushindi dhidi ya unyevu wa maendeleo, chini ya uongozi shupavu wa Mlezi Mkuu. Chungu kiko palepale, kimejaa, na mvua za vuli zinakaribia.

Siwema alihamia upande wa pili wa mji, kwenye nyumba isiyo na bomba. Hakumnunia baba yake. Alimpokea kila alipokuja, akampa chai, akamwachia mjukuu ampakate. Jioni moja Khatibu, aliyekuwa ameshindwa kukaa tangu aingie, alijilazimisha kuketi. Alishika magoti yake kwa mikono miwili ili yatulie.

"Mwanangu," alisema, na wala haikuwa ile sauti ya redioni, "sitakudanganya tena."

Siwema alimtazama kwa huruma. Kisha akainuka, akamchukua mtoto kutoka mapajani mwa babu yake, akaenda kufungua madirisha yote.